Bagi la Kumpeleka Mama Mazoezini

Mimi ni mtu wa kinyaa, na kazi yangu ni kutengeneza shokapu za magari. Mke wangu hunicheka: fundi gani huyu ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kazi, wakati wenzake hunawa baada ya kazi, tena kwa petroli? Lakini yeye hajawahi kulala chini ya gari la mtu. Mtu anakuja gerejini kwangu Makorora, kanzu imepigwa pasi, manukato yamemtangulia mlangoni, halafu ukiingia chini ya gari lake unakuta bushi ya mpira imekatwa kutoka kwenye kandambili. Tena kandambili iliyovaliwa, alama ya kisigino bado ipo. Nimekuta springi iliyokatika imefungwa kwa waya wa uzio. Nimekuta shokapu imetobolewa, ikashindiliwa grisi, tundu likazibwa kwa sabuni ya mche. Na mwenye gari amesimama pembeni, ananiuliza kwa nini linadunda.

Kwa hiyo siku yule bwana alipokuja na bagi lake juu ya lori, nilikuwa tayari nimeshakunja pua.

Ukoo wao ni wa watu waliotoka Omani zamani, wenye minazi kupita Tongoni, ndani kabisa kutoka barabara ya Pangani. Yeye ni rika langu, ila mikono yake laini. Bagi lenyewe ni vile vigari vya wazi vyenye viti viwili sambamba, mabomba ya chuma badala ya paa, magurudumu makubwa yenye meno, na shokapu zimesimama nje nje, unaziona zikifanya kazi kama magoti ya mtu aliyevaa bukta. Alilinunua Dubai, limetumika. Kwenye Tanga nzima nilikuwa nimeshika mawili tu ya namna hiyo.

"Fundi, nataka linyanyuke," akasema. "Likipita, watu waseme."

Nikamuuliza litafanya kazi gani. Ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo, kwamba ni la kumpeleka mama yake mazoezini.

Mama yake alikuwa ameanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Akapasuliwa, akawekewa chuma. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali ya mjini akawaambia wazi: huyu mama aletwe mara mbili kwa wiki, mguu ukunjwe na kunyooshwa, la sivyo nyonga itakaza na kutembea itakuwa basi. Sasa njia ya kutoka shambani mpaka lami ni mawe ya matumbawe na mizizi ya minazi. Pikapu yao ilimtoa machozi safari ya kwanza, na ya pili akagoma. Kumbe wana nyumba mjini, karibu kabisa na hospitali. Nikauliza kwa nini asikae huko mpaka apone. Nyumba imepangishwa, akanijibu, hata chumba cha mama mwenyewe, chumba alichozalia watoto. Alisema hivyo huku akipangusa vumbi kwenye bonneti ya bagi kwa leso. Nilitazama pembeni, maana uso wangu hauna siri.

Sikukubali kulinyanyua. Nilimweleza kwamba gari la kubeba mgonjwa halinyanyuliwi, linalegezwa. Mtu akikaa kitini, bagi lazima lizame kiasi, ili gurudumu likiingia shimoni lipate nafasi ya kushuka kabla mgongo haujashuka. Likikaa juu limekaza, kila jiwe linapanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Akanuna, ila akakubali. Nililegeza springi kwa kuzungusha pete zake, nikatoa mafuta ya zamani ya shokapu, nikatia mapya mepesi yaliyo maalumu kwa kazi hiyo, nikajaza gesi.

Kazi hiyo niliifanya kwa moyo, nisiseme uongo. Nimezaliwa kambini, upande wa Maramba, baba yangu alikuja kukata mkonge kutoka mbali na akabaki. Mama yangu alipougua alipelekwa zahanati kwa tela la mkonge, tela lisilo na springi hata moja, na sisi watoto tulikimbia nyuma tukimsikia. Alipona, lakini safari ile aliisimulia kuliko ugonjwa. Kwa hiyo nikiambiwa kuna mama anaumia njiani, sihitaji kuelezwa mara mbili.

Ila kosa langu la kwanza nililifanya palepale. Bagi hutengenezwa mtu akiwa amekaa ndani, yule yule atakayelipanda. Nilipaswa kwenda shambani, nimwombe yule mama akae kitini, nipime linavyozama, nimuulize: hapa je, na hapa je? Mwanawe akasema haina haja, weka viroba vya mchanga. Nikaweka viroba vya mchanga. Nilijiambia ni adabu, mimi mwanamume wa nje, Mkristo wa kambini, nitaanzaje kumuuliza mama wa watu uzito wake na maumivu ya nyonga yake? Adabu gani. Mama mwenye umri ule huzungumza na yeyote, na kwa adabu kunipita mimi. Ulikuwa uvivu tu, nikauvisha kanzu.

Hata hivyo safari za kwanza zilikwenda vizuri. Msimamizi wao wa shamba, mtu mzima ambaye pia hutengeneza pampu za maji na mashine ya kusaga, ndiye aliyekuwa akimwendesha. Walikuwa wakitoka baada ya sala ya alfajiri ili wawahi foleni, wakirudi mchana. Nikaletewa salamu kwamba mama amekunja mguu hadi mtaalamu amepiga makofi.

Kisha mwana akaanza mambo yake ya Jumapili. Alikuwa na marafiki wenye pikipiki kubwa na magari yaliyonyanyuliwa, wanakutana ufukweni maji ya bahari yakitoka, wanachimba mchanga kwa magurudumu, wanaruka matuta, wanapigana picha. Nilialikwa mara moja. Nikaona kaa wamesagwa, chupa zimetupwa kwenye mikoko, mtu mzima mwenye wajukuu anashangilia kwa sababu gari limekaa hewani kwa muda wa kupiga chafya. Mwenye bagi alikuwa anakaza shokapu kwa ajili ya kuruka, na Jumatatu anasahau kulegeza. Bagi la mama! Ilinibidi nichukue rangi ya kucha ya mke wangu nitie alama kwenye vifungo vya kurekebishia: nyekundu ni Jumapili, nyeupe ni mama. Nikamwapisha msimamizi ahakikishe nyeupe kila safari, naye, kwa haki yake, hakuwahi kukosea.

Lakini kuruka ni kuruka. Mwishoni mwa masika sili za shokapu za mbele, zile pete za mpira za kuzuia mafuta, zikapasuka, mafuta yakavuja yote. Msimamizi akanipigia simu. Ilikuwa mvua, Makorora nzima tope, nina magari manne yanasubiri, na nilikuwa nimechoshwa na yule bwana na kuruka kwake. Nikasema maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno: "Badilisheni sili, zipo nilizowaachia. Tafuteni mafuta yoyote mepesi, masafi, mjaze, mpige upepo, mpaka nije." Nilidhani atatafuta mafuta ya mashine. Sikudhani, kusema kweli. Nilitaka simu ikatike.

Sikwenda wiki hiyo wala iliyofuata. Nilipokwenda kipupwe kilikuwa kimeshaingia, nikafika saa saba mchana, jua kali. Nikakandamiza bampa ya mbele kwa mikono, ikashuka na kupanda taratibu. Nikalipanda bagi, nikazunguka nalo kwenye minazi, likanibeba vizuri tu. Nikasema, aa, kumbe wamepata mafuta. Sikufungua. Kufungua shokapu ni kazi ya kuchafuka, na nilikuwa nimeshanawa.

Baada ya hapo malalamiko yakaanza. Mwana akanipigia: mama anasema bagi linamuumiza. Nikaenda, mchana tena, kwa sababu asubuhi nina wateja. Vifungo viko kwenye nyeupe, springi nzima, bampa inashuka na kupanda. Tulikuwa tumesimama uani, mimi na mwana na msimamizi, na dirisha la chumba cha mama liko wazi. Sauti yake ikatoka humo, sauti ya mtu asiyezoea kupaza:

"Mwambieni fundi, asubuhi tukitoka ndo linanipiga. Tukifika lami linatulia. Na mchana tukirudi halina neno."

Mwana akacheka. "Mama, lami lazima itulie! Ndiyo kazi ya lami!"

Na mimi nikacheka. Naomba hili lieleweke, maana ndilo ninaloliandikia. Nilicheka kwa sababu tajiri alicheka, na kwa sababu mzaha wenyewe ulikuwa mzuri. Sikusogea dirishani. Mgonjwa wangu alikuwa ananieleza ugonjwa, saa na mahali, vizuri kuliko dereva yeyote aliyewahi kuja gerejini kwangu, na mimi nikasimama uani nikifuta mikono misafi.

Mwana akaniuliza kwa sauti ya kusikika dirishani, "Fundi, wewe ndiye mwenye ujuzi. Bagi lina tatizo?"

"Halina," nikasema. "Ni zima kabisa."

"Umesikia, Mama? Fundi mwenyewe huyo. Unadeka tu!"

Dirishani nikasikia pazia likivutwa.

Wiki kadhaa zikapita, sikusikia tena malalamiko, nikafurahi. Katika kazi yetu mteja akinyamaza tunahesabu amepona. Siku moja mwana akanipigia kwa bashasha. Mama hataki tena kwenda mazoezini, akasema, ameshagoma, wazee ndivyo walivyo, na bagi limelala bure. Basi sasa nije nilifanye lake, nilinyanyue kama alivyotaka tangu mwanzo. Nije mapema, kwa sababu saa mbili ana safari. Nikaenda kwa bodaboda na begi la spana, nikafika jua ndiyo kwanza linachomoza, ubaridi wa kipupwe umeshika, dereva wa bodaboda amejifunga kitenge cha mkewe kifuani.

Nikakandamiza bampa kwa mikono miwili. Haikushuka. Nikaweka goti. Haikushuka. Nikapanda juu na kuruka kwa miguu yote miwili, mimi na kitambi changu. Nilikuwa kama nimepanda juu ya kisiki.

Nikajua, kabla sijajua ni nini.

Nilitoa shokapu ya kwanza, nikatoa upepo, nikafungua kifuniko, nikaigeuza juu ya karai. Hakikumwagika kitu. Nikachokoa kwa bisibisi, likatoka bonge zima, jeupe, zito, lenye umbo la bomba. Na harufu: nazi iliyochacha, pamoja na mpira uliooza na chuma. Nimesema mimi ni mtu wa kinyaa. Nilikwenda nyuma ya banda la pampu nikatapika chai yote ya asubuhi.

Mafuta ya nazi. Mtoto yeyote wa pwani anajua kwamba mafuta ya nazi huganda wakati wa kipupwe. Asubuhi chupa hutolewa juani ndipo mtu ajipake. Na mimi najua, mke wangu huiweka chupa yake juu ya ukuta wetu. Alfajiri ndani ya shokapu yanakuwa magumu kama sabuni. Unaendesha juu ya mawe, chuma kinagonga, hakuna kinachozama, kila jiwe linapanda hadi nyonga yenye chuma. Mpaka shokapu zipate moto na mafuta yayeyuke, ndiyo unafika lami. Mchana jua limeshafanya kazi yake, na fundi anakuja, anakandamiza bampa, anasema ni zima.

Msimamizi hakuona kosa. Alisimama juu ya karai akikunja uso kwa mshangao wa haki. "Si wewe ulosema, fundi? Mepesi, masafi. Hayo tumekamua wenyewe hapa hapa. Dukani hupati kama hayo."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonichefua zaidi. Katika shamba lile mafuta yao ni fahari. Bawaba za milango, vidonda vya ng'ombe, vichwa vya watoto wachanga, vyote hupakwa hayo. Yule mama mwenyewe alikuwa akikandwa nyonga kwa hayo hayo kila jioni, kupoza kile ambacho hayo hayo yalifanya asubuhi.

Mwana alipotoka na begi lake la safari akaelezwa, alicheka hadi akashika nguzo. "Kumbe Mama alikuwa hasemi uongo!" Akasema litakuwa gumzo zuri la Jumapili. Nilimtazama meno yake, meupe, mazuri, nikatamani kumpaka lile bonge usoni. Sikumpaka. Gari lake lilikuwa linamsubiri, akaondoka, huku akinikumbusha kupitia dirisha la gari: "Usisahau kulinyanyua!"

Nilinawa mara tatu na harufu haikutoka. Nikaenda baraza ya nyuma. Mama alikuwa kwenye kiti cha ukili, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, mtandio wake umekaa sawasawa, anachambua mchele kwenye ungo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndo fundi."

Nikamwambia yote. Simu, mvua, mafuta, kipupwe, mchana nilipokuja. Nikamwambia bagi lilikuwa bovu na yeye alikuwa anasema kweli.

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Mwanangu, kwamba nilikuwa nasema kweli mie nnajua. Hilo hukuwa na haja ya kuja kunambia."

Akaendelea kuchambua, kisha akauliza bila kuinua macho: "Sasa laweza kutengenea?"

Nikasema laweza, leo hii. Akauliza saa ngapi. Nikasema kabla ya adhuhuri. Akaweka ungo pembeni. "Basi nikajitayarishe," akasema, na nikaona ameshika mkono wa kiti kwa nguvu, kama mtu anayetaka kusimama sasa hivi.

Sijawahi kufanya kazi kama ile. Niliosha kila bomba kwa petroli, nikafuta kwa kitambaa hadi kitambaa kikatoka cheupe, nikabadilisha sili, nikatia mafuta niliyokuwa nimeyabeba kwa kazi ya mwana. Niliomba ndoo ya barafu nikaitumbukiza shokapu moja humo kwa muda, nikaikandamiza ikiwa ya baridi. Ikashuka. Nikaifunga. Nikalipima bagi na mtu ndani. Saa tano na nusu nilikwenda kubisha hodi.

Akatoka amevaa buibui, ameshikwa na mwanamke anayemhudumia upande mmoja na msimamizi upande wa pili, mguu ule unaburuzwa nyuma. Mlango wa bagi ni mfupi, una kizingiti cha bomba. Kuingia unainua goti, unakunja nyonga, unaketi. Walimwinua. Mguu ukafika kwenye bomba ukasimama. Wakamrudisha, wakamgeuza, wakamwingiza kwa mgongo, akakaa ukingoni mwa kiti, mguu umetoka nje umenyooka. Yule mwanamke akaushika chini ya goti akausukuma pole pole, kisha kwa nguvu. Mama akafumba macho. Haukukunjika.

Wakajaribu mara ya tatu. Nilikuwa nimeshikilia bagi lisitikisike, na lilizama chini ya uzito wake vizuri, laini, kama nilivyotaka.

"Acheni," akasema. "Umeshakaza huu."

Wakamrudisha barazani, hatua moja moja. Nilikusanya spana zangu haraka, nikitaka kuondoka kabla hajakaa, maana sikuweza kuvumilia kuwa pale wala kunusa mikono yangu. Nilikuwa nimeshafika kwenye bodaboda iliyokuja kunichukua nilipoitwa. Yule mwanamke alikuwa anakuja na sinia, muhogo na samaki, na maji ya kunawa kwenye birika.

"Mama kasema fundi asiondoke na njaa, katoka mbali."

Niligeuka. Alikuwa kitini kwake, mguu juu ya kigoda, amerudisha ungo mapajani, na alikuwa ananitazama aone kama nitakula. Nilinawa. Nikakaa chini, nikala chote, polepole, kwa sababu kubakisha kungekuwa kumtukana mara ya pili.